Maneno ya Kituoni: Uhakiki wa Lugha ya Msafiri wa Dar es Salaam

Wahakiki wetu wa fasihi simulizi wamefanya kazi kubwa ya kukusanya ngano, methali, vitendawili, na nyimbo za jando, za kilimo na za vita. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, kwani bila ya hiyo sehemu kubwa ya urithi wetu ingezikwa pamoja na wazee wetu. Lakini katika kuifanya tumejenga, pengine bila ya kukusudia, mazoea ya kudhani kuwa fasihi simulizi ni mali ya kijiji na ya zamani. Kwamba mjini, penye lami na moshi, hakizaliwi kitu isipokuwa maneno ya kihuni. Makala haya yanakusudia kuyapinga mazoea hayo kwa kuichunguza lugha iliyozaliwa mahali ambapo maelfu ya wananchi husimama kila alfajiri, yaani kituo cha basi; na hasa kituo cha basi cha Dar es Salaam katika nyakati ambapo usafiri umeharibika na mji mzima unatafuta njia ya kufika kazini, shuleni, sokoni na nyumbani.

Hoja zetu ni mbili, na ya pili inaitegemea ya kwanza. Hoja ya kwanza ni kwamba maneno ambayo wasafiri wa Dar es Salaam wameyabuni wakati wa shida ni uhakiki kamili: yanaeleza, yanapima na yanahukumu, na mara nyingi yanafanya hivyo kwa usahihi kuliko matangazo rasmi. Hoja ya pili ni kwamba lugha hii nayo haina budi kuhakikiwa. Umma kuitumia si sababu ya kutosha ya kuisifu yote. Tukiipima kwa kipimo cha utu tutaona kuwa ipo sehemu ambamo inamtetea mnyonge, na ipo sehemu ambamo inamkanyaga. Na mnyonge anayekanyagwa, kama tutakavyoona, aghalabu ni mwanafunzi.

Shida iliyoizaa lugha

Fasihi haizaliwi hewani. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 1967, eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Dar es Salaam lilikuwa na watu wapatao 356,000. Sensa ya 1978 iliwakuta watu wapatao 843,000. Kwa maneno mengine, katika miaka kumi na mmoja idadi iliongezeka zaidi ya mara mbili, na wengi wa wageni hao walijenga mbali na kazi zao, pembezoni ambako kiwanja kilipatikana. Mji uliokuwa ukitembeleka kwa mguu kutoka Kariakoo hadi bandarini ukawa mji wa kusafiri.

Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, kutokana na kampuni ya DMT iliyokuwa imekwisha kutaifishwa. Mabasi ya masafa marefu yakakabidhiwa KAMATA. Shabaha ilikuwa njema, nayo ni kumpatia mfanyakazi usafiri kwa nauli anayoimudu. Lakini shirika hilo lilizaliwa katika wakati mgumu. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala magari, mafuta na fedha za kigeni. Basi lililoharibika likasimama kwa kukosa kipuri, na lililobaki barabarani likabebeshwa mzigo wa mawili mpaka nalo likaharibika. Wananchi wakajifunza kudandia malori, kuomba nafasi katika magari ya ofisi, na kutembea.

Mwaka 1983 una mafunzo mengi kwa mhakiki. Ni mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na ni mwaka wa sheria ya nguvu kazi, iliyokusudia kuwaondoa mjini watu walioonekana kuwa hawana kazi. Hata hivyo ndio mwaka ambao Serikali iliruhusu watu binafsi wapewe leseni ya kubeba abiria jijini, kazi ambayo hadi wakati huo magari yao yalikuwa yakiifanya kwa kujificha. Gari lililokuwa kosa jana likawa huduma leo. Mgongano huo baina ya shabaha ya Taifa na haja ya mwananchi aliyesimama juani ndio udongo ambamo maneno tunayoyachunguza yaliota.

Majina ya magari

Tuanze na neno lililo mashuhuri kuliko yote. Gari la watu binafsi lililoanza kubeba abiria katika miaka hiyo liliitwa daladala, na chanzo cha jina hilo ni nauli. Sarafu ya shilingi 5 wakati huo ilijulikana mitaani kwa jina la dala, lililotokana na dola, na sarafu hiyo ndiyo iliyodaiwa na kondakta. Hapa tuone ufundi wa umma. Gari hilo lingeweza kuitwa kwa jina la mwenyewe, kwa jina la kiwanda kilicholitengeneza, au kwa rangi yake. Watu hawakuyachagua hayo. Walichagua kuliita kwa bei, kisha wakaikariri bei hiyo mara mbili kama mpiga kelele wa mnadani. Jina likawa ni lalamiko ambalo kila mtu angeweza kulitamka hadharani bila ya kuogopa, kwa kuwa lilikuwa jina tu. Kila aliposema "napanda daladala", msafiri alikuwa akisema pia kuwa anatozwa zaidi ya alivyozoea kutozwa na basi la umma.

Ndugu zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo hiyo. Magari madogo ya Nairobi, yaliyoruhusiwa kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973, yaliitwa matatu, na chanzo chake vilevile ni nauli: mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi. Miji miwili, iliyokuwa ikifuata siasa mbili tofauti za uchumi, iliyapa magari yake majina kwa kanuni moja. Hii inaonyesha kuwa maskini wa mjini, popote alipo, huitazama nauli kwanza na gari baadaye.

Jina la pili ni chai maharage. Hili liliyahusu magari ya wazi yaliyofungwa mabenchi, abiria wakakaa wakitazamana uso kwa uso. Jina linaleta picha ya mkahawa wa vibarua, ambapo watu wasiojuana huketi benchi kwa benchi wakinywa chai na kula maharage, magoti yao yakikaribia kugusana. Ni jina la utani, lakini utani wenye jicho kali. Linatueleza kuwa katika gari lile hapakuwa na faragha wala daraja. Karani na mchukuzi walilazimika kutazamana safari nzima. Wapo watakaoona katika picha hiyo dhihaka kwa ufukara, na wapo watakaoona humo usawa ambao hotuba nyingi ziliuhubiri. Nadhani jina linabeba yote mawili, na uwezo wake wa kuyabeba pamoja ndio unaolifanya kuwa sanaa.

Baadaye yalikuja magari madogo aina ya Hiace, yakaitwa vipanya. Panya ni mdogo, ni mwepesi, hupenya pasipopenyeka. Lakini pia panya hali kwa adabu, na huwa wengi hata wakachosha. Sifa na lawama zimo katika neno moja. Kisha, Oktoba 2012, treni za abiria za ndani ya jiji zilipoanza katika reli ya kati na ya TAZARA, watu hawakuzipa jina la njia wala la shirika. Waliita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la Dakta Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Jina hili ni la shukrani, bila shaka. Lakini ni la kukumbusha pia. Mtu anayepewa chombo kwa jina lake hupewa na dhamana yake. Treni ikifika kwa wakati, sifa ni zake. Ikichelewa, abiria wanajua wamtaje nani.

Mfano wa mwisho ni wa karibu zaidi. Mwezi Mei 2016 yalianza kutembea mabasi makubwa katika njia zilizotengwa kwa ajili yao, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Jina rasmi lilikuwa "mabasi yaendayo haraka". Ni fungu la maneno matatu, safi kisarufi, lakini zito mdomoni mwa mtu anayekimbilia mlango. Umma ukalifupisha: mwendokasi. Kwa upande wa fani, neno hili ni bora. Limeunganisha mwendo na kasi kwa kufuata kanuni za lugha yetu, halikukopa popote, na mtoto hulielewa mara moja. Lakini lilibeba ahadi, na ahadi huhukumiwa. Karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, bonde lile lile ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameonyesha waziwazi kuwa maji hayajalisahau. Miaka iliyofuata mvua kubwa zilipojaa bondeni, huduma ya mwendokasi ilisimamishwa zaidi ya mara moja. Mwalimu wa fasihi akitafuta mfano wa kinaya kwa darasa lake hana haja ya kwenda mbali: mwendokasi umesimama, na umesimamishwa na maji, Jangwani.

Ramani ya mtembea kwa miguu

Gari likikosekana, msafiri hubaki na miguu yake na majina ya vituo. Mwezi Aprili na tena mwezi Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma, wakidai miongoni mwa mambo mengine mikataba ya kazi, na wakipinga sharti la kurudi mafunzoni kila wanapotaka kuhuisha leseni zao. Wasafiri walikwama, na wakazi wengi wa Dar es Salaam walilazimika kupanda bodaboda na bajaji kwa bei ya juu, kudandia malori, au kwenda kwa mguu. Anayetoka Kimara kwenda Kivukoni kwa mguu ana zaidi ya kilomita 15 mbele yake. Si jambo dogo, na si wengi wanaoifikiri safari hiyo kwa kilomita. Huifikiri kwa majina: Kimara Mwisho, Bucha, Kona, Ubungo Maji, Shekilango, Urafiki, Manzese, Mwembechai, Magomeni Mapipa, Jangwani, Fire, Posta.

Tuyatazame majina hayo kama mtu anavyotazama beti. Machache yametolewa na ofisi; mengi yametolewa na makondakta na abiria, kwa kufuata kile kilichoonekana dirishani. Penye bucha pakaitwa Bucha, penye kona pakaitwa Kona, penye mitambo ya maji pakaitwa Ubungo Maji. Urafiki ni kumbukumbu ya kiwanda cha nguo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Mwanafunzi anayelitamka jina hilo kila siku anatamka, bila ya kujua, sura moja ya historia ya Taifa lake. Kwingineko jijini ipo Buguruni Sheli, iliyopewa jina la kituo cha mafuta, na Tabata Dampo, inayohifadhi kumbukumbu ya jalala ambalo wapangaji wa mji wangependa lisahauliwe.

Lakini jina lenye maana nzito kuliko yote ni Kimara Mwisho. Palikuwa mwisho kweli: hapo basi lilikuwa likigeuza. Leo mji umepita Mwisho, umefika Mbezi, ambako kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilizinduliwa mwaka 2021, ukaendelea hadi Kibamba na mbele zaidi. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Kwa maelfu ya watu hao, safari ya asubuhi huwa imekwisha kula saa nzima kabla hawajafika Mwisho. Jina limebaki mahali pake wakati mji umekimbia, na umbali baina ya jina na mji ndio kipimo cha jinsi mipango ya usafiri ilivyoachwa nyuma na makazi.

Nani aliyekata ruti?

Tutoke kwenye majina tuingie kwenye vitenzi, kwa kuwa hapo ndipo tofauti baina ya lugha ya kituoni na lugha ya matangazo inapojitokeza kwa ukali.

Msafiri wa Dar es Salaam ana vitenzi vyake. Kuunganisha ni kupanda magari mawili au matatu ili kufika mahali pamoja, na kulipa nauli kila mara. Kugeuza na gari ni kulipanda gari likiwa linakwenda upande usio wako, ukalifuata hadi mwisho wa njia, ukarudi nalo, ili upate kiti. Anayegeuza analipa mara mbili na kupoteza muda ili tu asisimame; mara nyingi ni mama mwenye mtoto, au mgonjwa, au mzee. Kukata ruti ni kosa la dereva anayewashusha abiria kabla ya mwisho wa njia ili awahi kugeuza penye watu wengi. Katika vitenzi vyote hivi yupo mtendaji, lipo tendo, na yupo aliyetendwa. "Amekata ruti", "wametuacha", "tumegeuza nalo": kiambishi cha nafsi kinasimama mbele kama shahidi mahakamani, kikionyesha kidole.

Sasa linganisha na lugha ya tangazo. Usafiri unapoharibika tunaambiwa: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Hebu mwalimu aiandike sentensi hiyo ubaoni na kuwauliza wanafunzi wake: nani amesumbua, na nani amesumbuliwa? Kitenzi "kujitokeza" kinaufanya usumbufu kuwa kama uyoga, unaochipuka wenyewe baada ya mvua. Hakuna aliyeshindwa kununua kipuri, hakuna aliyechagua kujenga bondeni, hakuna aliyesimama kituoni saa mbili. Neno lingine la namna hiyo ni "changamoto". Asili yake ni nzuri, lina undugu na kuchangamka. Lakini limetumiwa mno kufunika maneno kama "upungufu", "uzembe" na "tabu", hata basi bovu likaitwa basi lenye changamoto. Haifai kudai kuwa kila anayeandika tangazo anakusudia kuficha. Lakini lugha ina mazoea yake, na mazoea ya kumficha mtendaji humzoesha mwananchi kuyapokea matendo ya watu kana kwamba ni matendo ya Mungu.

Kwa hiyo wanaosema kuwa lugha ya kituoni ni lugha ya kihuni hawana budi kutueleza ni lugha ipi kati ya hizi mbili inayomheshimu zaidi msikilizaji. Adabu ya lugha haipimwi kwa ulaini wa maneno peke yake. Hupimwa pia kwa ukweli wake.

Sanaa ya mpigadebe na haki ya mwanafunzi

Hata hivyo, mhakiki anayeishia kusifu hajahakiki. Tumtazame basi mpigadebe, yule anayeita abiria kituoni. Jina lake lenyewe ni picha: mtu agongaye debe tupu ili litoe sauti kubwa. Kwa upande wa fani, yeye ni msanii wa kweli. Hulirudia jina la mwisho wa safari mara tatu au nne kwa mkato wa pumzi moja, akivuta silabi ya mwisho: Mwenge, Mwenge, Mwenge! Kariakoo, Kariakoo! Hujua kupandisha sauti penye watu wengi na kuishusha gari linapojaa. Hutumia kinaya kwa ustadi: hutangaza kuwa viti vipo wakati watu wananing'inia mlangoni, na abiria hucheka huku wakipanda, kwa sababu wote wanajua kanuni ya mchezo. Katika hali ya taabu, kicheko hicho si kitu cha kudharau. Kimewawezesha watu kubanana bila ya kupigana.

Lakini sikiliza mwito huo huo saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya kundi la vijana wenye sare za shule. Hapo mpigadebe na kondakta hubadili lugha. "Wanafunzi hapana." "Denti mwisho wawili." Kinaya kimekwisha, na utani umekwisha. Neno "denti", ambalo vijana wenyewe hulitumia kwa kujitania, kinywani mwa kondakta linageuka kuwa jina la mzigo. Mwanafunzi aliyekuwa mtu mwenye jina, mwenye somo la hesabu saa mbili kamili, anageuzwa kuwa idadi, na idadi yenyewe ina kikomo: wawili.

Tusikimbilie kumlaani kondakta kana kwamba roho mbaya ndiyo chanzo. Katika daladala nyingi dereva na kondakta hufanya kazi kwa "hesabu", yaani kiasi ambacho mwenye gari anataka aletewe kila jioni; kinachozidi ndicho chao. Wengi wao hawakuwa na mkataba wa maandishi, na tumeona kuwa mkataba ulikuwa miongoni mwa madai ya mgomo wa 2015. Mwanafunzi kwa taratibu za nchi hulipa nauli pungufu, na pengo linaloachwa na nauli hiyo halijazwi na mwenye gari, wala na mtu mwingine: linakatwa katika chakula cha kondakta. Hivyo watu wawili wanyonge wamewekwa mlangoni mwa gari moja, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye kikwazo. Huu ni mgongano uliojengwa na mfumo. Lakini kuujua mgongano si kuuhalalisha. Lugha inayomdhihaki mwenye nguvu ni uhakiki. Lugha ile ile inapomgeukia mtoto ambaye hana njia nyingine ya kufika shuleni, inakuwa chombo cha uonevu, hata ikiwa na mdundo mzuri.

Na lipo neno moja ambalo walimu wanalijua vizuri, nalo ni "lifti". Katika miaka ya uhaba wa mabasi, kuomba na kutoa lifti kulikuwa mara nyingi ni tendo la ujima: mwenye gari aliona aibu kupita na viti vitupu mbele ya wananchi wenzake. Neno halijabadilika, lakini kwa msichana aliyeachwa na magari matano mfululizo, maana yake inaweza kuwa nyingine kabisa. Anayemwita kutoka kwenye gari au pikipiki huenda hatamdai nauli leo. Atamdai siku nyingine, na si kwa fedha. Hapa lugha ya kituoni, ambayo kwa kawaida huitaja bei bila ya kuficha, imeshindwa kuitaja bei. Daladala lilisema shilingi 5. Lifti haisemi kitu. Ukimya huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote katika lugha tunayoihakiki, na madhara yake hayaishii kwenye karatasi. Huonekana katika daftari la mahudhurio, penye majina ya wasichana ambao hawakurudi.

Kazi ya mwalimu na ya mwanafunzi

Tufanye nini basi na lugha hii? Kuipiga marufuku darasani hakutaifuta. Kutaiacha tu iendelee kukua bila ya kuulizwa maswali. Kuisifu yote kwa kuwa ni ya umma ni kosa la upande wa pili. Njia iliyo bora ni kuichunguza kama tunavyochunguza methali: neno limezaliwa lini, katika hali gani, linamtumikia nani, na linamwumiza nani.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na kidato chochote, na haihitaji vifaa isipokuwa daftari na masikio. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kuwauliza wazazi na majirani waliokuwa wakisafiri jijini katika miaka ya 1970 na 1980 walidandia nini na walikiitaje. Neno kama chai maharage linaanza kuwa geni kwa vijana, na wanaolikumbuka hawatakuwapo daima. Mwanafunzi wa Mwanza, wa Arusha au wa Mbeya anaweza kulinganisha maneno ya mji wake. Anaweza kufuatilia jinsi bodaboda, neno lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo, lilivyosafiri hadi kijijini kwao. Kila neno liandikwe pamoja na mwaka, mahali, na sentensi kamili ambamo lilisikika, ili asije mtu baadaye akalipamba kwa hadithi ya uongo.

Kisha darasa lihukumu. Wanafunzi wapewe tangazo la kusitishwa kwa usafiri, waliandike upya kwa kumtaja mtendaji na mtendwa. Wapewe mwito wa mpigadebe, waeleze uzuri wake na ubaya wake bila ya kuuchanganya. Na waulizwe swali ambalo umma wa Dar es Salaam haujalijibu. Mji huu umebuni neno la nauli, la benchi, la gari dogo, la waziri na la mwendo. Umempa jina dereva anayekata ruti na abiria anayegeuza na gari. Mwanafunzi aliyesimama kituoni tangu saa kumi na moja na nusu, ambaye magari yamempita akiwa na nauli yake halali mkononi, bado hana neno lake. Kondakta amemwita denti, na tangazo linamhesabu ndani ya usumbufu uliojitokeza. Yeye mwenyewe ndiye anayestahili kulitafuta neno hilo, na mwalimu wake ndiye anayepaswa kumpa kalamu.